Lisbon kwa wikiendi ndefu: uzoefu wangu, kadi ya mji na dhahabu ya Kilwa

Mtu wa pwani yetu akienda Lisbon, mpango wake auanzie kwenye makumbusho ambayo wageni wengi huyapita mbio wakielekea mtaa wa Belém: Museu Nacional de Arte Antiga, Rua das Janelas Verdes, juu kidogo ya bandari. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko, sasa naishi Ujerumani, na makumbusho hayo ndiyo yaliyonifanya niichague Lisbon na kuziacha Paris na Roma ambazo wenzangu kazini walizisifia.

Ndani yake kuna Custódia de Belém. Ni monstransi ya dhahabu na enameli, chombo cha kuoneshea Ekaristi kanisani, na inasemwa ni kazi ya sonara Gil Vicente. Kimo chake hakifiki mita moja, lakini ukiisogelea utakaa hapo. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, yaani mkate wa Ekaristi, kila mmoja na sura yake na rangi ya vazi lake, na juu yao vinguzo vyembamba vimepanda hadi msalabani. Kwenye kitako kuna maandishi ya Kireno yasemayo kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, na kwamba kazi ilimalizika mwaka 1506. Quiloa ndiyo Kilwa yetu.

Kodi yenyewe haikutolewa kwa hiari. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi Afrika Mashariki na merikebu za vita, akamtishia mtawala wa Kilwa, Emir Ibrahim, mpaka akakubali kulipa. Dhahabu ilikuwa ikitoka bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ikishukia bandari ya Sofala na kupandishwa na majahazi hadi Kilwa. Utajiri huo ndio uliosimamisha jumba la Husuni Kubwa na kuupanua Msikiti Mkuu. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, akauteka mji wa Kilwa, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Kwa hiyo sonara alipokuwa akimalizia mitume wake, Kilwa ilikuwa tayari mikononi mwa Wareno.

Magofu nimeyajua tangu utotoni na habari hizi nilizisoma shuleni, ila kuiona dhahabu yenyewe ni jambo jingine. Nilipandwa na hasira. Papo hapo nilifurahi kwamba jina la mji wetu limechorwa pale na hakuna aliyelifuta. Binamu yangu anayetembeza wageni Kilwa Kisiwani alitaka picha ya maandishi yale ili awaoneshe wageni wake, nikaipiga kwa simu bila flashi na kumtumia. Tulikaa makumbusho karibu asubuhi nzima. Humo pia mna mchoro wa msanii Bosch wa majaribu ya Mtakatifu Antonio, na viwambo vya Kijapani vinavyoonesha Wareno wakishuka melini. Kama una saa mbili tu za makumbusho katika safari yako yote, zitumie hapa.

Kuhusu kadi. Tulinunua Lisboa Card, kadi ya mji kwa watalii, ya saa 48. Ipo pia ya 24 na ya 72. Unapanda metro, mabasi, tramu, lifti ya Santa Justa iliyofunguliwa mwaka 1902, na hata treni ya kwenda Sintra na Cascais, kisha unaingia maeneo mengi bila kulipa tena. Jambo la kuzingatia ni kwamba saa huanza kuhesabiwa pale unapoitumia mara ya kwanza. Ukitua jioni, usiianze. Nunua tiketi ya kawaida ya metro uwanjani, panda laini nyekundu, badilisha Alameda uchukue ya kijani hadi katikati ya mji, na kadi uianze kesho yake asubuhi. Sisi tulifanya hivyo na ikatufaa hadi jioni ya mwisho. Kadi haikuondolei foleni ya mlangoni, hivyo Belém ufike kabla hawajafungua. Na Jumatatu makumbusho ya Arte Antiga pamoja na monasteri ya Jerónimos iliyoko Belém hufungwa. Siku hiyo ifanye ya kusafiri. Ikiwa wewe ni mtu wa kuzunguka mitaani na kukaa kwenye vilima kutazama mji, kadi huihitaji kabisa: Miradouro da Senhora do Monte na Portas do Sol hazina kiingilio.

Belém tulikwenda kwa tramu namba 15. Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitokana na ushuru wa bidhaa za Afrika na Asia, pilipili manga na viungo vikiwa mbele. Kuingia kanisani ni bure, na ukipita tu mlango unakutana na kaburi la Vasco da Gama upande mmoja na la mshairi Camões upande wa pili. Ua wa ndani ndio wa kulipia, au kwa kadi. Usiukose: kila nguzo ina nakshi za kamba za meli, majani na wanyama, na hakuna nguzo mbili zilizofanana. Hatua chache mbele, ukingoni mwa mto Tagus, kuna Padrão dos Descobrimentos, mnara wa mita 52 uliojengwa kwa zege na mawe mwaka 1960, wakati wa utawala wa dikteta Salazar. Sikuupenda. Umejaa mabaharia, wafalme na mapadri wakitazama mtoni, na huoni hata mtu mmoja wa nchi walizozifikia. Ramani ya dunia iliyotandazwa chini mbele yake, hiyo inafaa kutembelewa kwa miguu.

Vikeki vya maziwa na mayai vya duka la Pastéis de Belém, vinavyouzwa hapo tangu 1837, vinastahili sifa zake. Kula vikiwa moto, nyunyizia mdalasini. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ukitaka kukaa, ingia ndani, kuna vyumba vingi.

Malazi yafikirie vizuri. Alfama inapendeza, ndiyo mitaa iliyosalimika zaidi na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, lile lililofuatwa na mawimbi makubwa ya bahari na moto wa siku kadhaa. Lakini ni ngazi juu ya ngazi. Wenye fleti tuliyopanga hawakutaja kwamba gari halifiki, na mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, alipandishwa pole pole huku tumebeba masanduku. Kama unasafiri na mzee, lala Baixa, bondeni. Hapo Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, aliujenga mji upya kwa barabara zilizonyooka na nyumba zenye mifupa ya mbao ndani ya kuta, ili zihimili tetemeko. Ukiinua macho kutoka Baixa unaona Convento do Carmo, kanisa lililoachwa bila paa tangu siku ile. Viatu viwe vyenye soli inayoshika, kwani mawe meupe ya njiani mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Na bajeti yako iongeze kodi ya mji, euro 4 kwa kila mtu kwa usiku.

Chakula kwa Waislamu si tabu. Mouraria, mtaa waliopewa Waislamu baada ya mji kutekwa mwaka 1147, leo umejaa tena maduka na migahawa ya halali, hasa karibu na Martim Moniz. Sambusa utazikuta karibu kila mkahawa, wanaziita chamuças, zimefika huko kutoka Goa na Msumbiji. Supu zinazoonekana za mboga tupu waulize kwanza, maana nyingi hutiwa soseji ya nguruwe. Mikate na zeituni zinazowekwa mezani kabla hujaagiza si zawadi. Ukizila utalipia, usipozigusa hulipi. Karibu na hapo, uwanja wa kanisa la São Domingos, Waafrika hukutana mchana kutwa kuzungumza na kuuza karanga na kola. Mama mkwe alipata pa kukaa na watu wa kumsalimu, na akakataa kuondoka haraka.

Tramu 28 ni nzuri, ila ipande alfajiri ukiwa Martim Moniz inakoanzia. Saa nne imeshajaa na vibaka wanajua. Sintra tuliiacha. Kwa siku chache utaishia kuona foleni mbili badala ya mji mmoja.

Kwa mnaotoka nyumbani: viza ni ya Schengen, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya kuondoka, na uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, wakati mwingine zaidi. Mama mkwe aliomba mapema, akaambatanisha barua ya mwaliko wetu, taarifa za benki na hati ya nyumba yake ya Lindi, akapata bila maswali ya ziada. Hoteli chagueni ile inayokubali kufutwa bila gharama mpaka pasipoti irudi mkononi.