Parashuti, nailoni au poliesta: kitambaa cha turubai jepesi kwa mtu wa Tanga

Ukiulizia kitambaa chepesi cha turubai kwenye maduka ya Ngamiani, kila utakachofunuliwa kitaitwa parashuti. Jina hilo halisemi uzi ni wa nini wala umepakwa nini, na hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama utalala mkavu Amani, Magoroto au ufukweni Saadani.

Nailoni ni imara kwa uzito wake, ila hunywa maji. Turubai ulilolikaza vizuri jioni, mvua ikilipiga usiku hulegea, hubonyea katikati na kufanya dimbwi juu ya kichwa chako. Poliesta hunywa maji kidogo sana, hivyo hubaki ilivyokazwa, na jua la pwani huichosha polepole zaidi. Kwa huku kwetu chukua poliesta, hata kama nailoni ya uzito uleule ni ngumu zaidi kuchanika. Ukipata yenye vimraba vya nyuzi nene, bora zaidi: tundu dogo halitambai.

Kilichopakwa ndicho kinachowaponza wengi. Vitambaa vya bei ya chini hupakwa poliyurithani, utando wa plastiki wa kuzuia maji, upande mmoja. Joto na unyevu huivunja: kwanza hunuka uchachu, kisha hunata, mwisho hubanduka magamba. Mahema ya mitumba yanayonata ukiyakunjua yamefikia hapo, hata muuzaji apunguze bei vipi. Kitambaa kilichopakwa silikoni badala yake hakina ugonjwa huo. Kitambue kwa selotepu: ibandike pande zote mbili, na isiposhika popote, ni silikoni.

Kitambaa cha mwavuli? Chepesi, kinapatikana, lakini kwa masika ni kubahatisha. Kifanye bakuli, mimina maji, sugua kwa kidole gumba kutoka chini. Kikitoka jasho, kiache. Turubai la plastiki la bluu halivuji likiwa jipya, ila ni zito na mikunjo yake hupasuka. Merikani huvumilia cheche za moto kuliko hivi vyote, lakini ni nzito hata ikiwa kavu. Ifae jikoni tu.

Poliesta ya silikoni ya gramu 45 hivi kwa mita ya mraba ndiyo ya kutafuta, hata kwa kuagiza. Kwa upana wa mita 1.5, turubai la mita 3 kwa 3 linataka mita 6, nunua 6.5 upate viraka vya pembeni. Baada ya mshono na pindo utabaki na kama mita 2.9, na uzito wa gramu 400 hivi bila kamba.

Mpe fundi masharti kabla hajakanyaga cherehani: sindano mpya namba 11, uzi wa poliesta, hatua (urefu wa kila mchomo wa uzi) ya milimita 3. Hatua fupi kuliko hapo hutoboa kitambaa kama stempu, kikachanika palepale. Asitumie pini ila ndani ya pindo, na pasi ya moto isisogee karibu. Mshono wa kati ukunjwe mara mbili, ushonwe mistari miwili, na ukae kwenye mgongo wa turubai, mkunjo ukitazama chini kama makuti yanavyolaliana. Pete za chuma hung'oka kwenye kitambaa chembamba. Weka vitanzi vya utepe juu ya kiraka. Kando zikikatwa kwa mbinuko wa sentimita 8 kwenda ndani, upepo wa kusi hautazipigapiga usiku kucha.

Mshono huzibwa kwa silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki, iliyolainishwa kwa waiti spiriti, kile kiyeyusho cha rangi ya mafuta, hadi ipakike kwa brashi. Fanyia nje, mbali na moto, kisha acha siku nzima ikauke. Gundi za poliyurithani hazishiki juu ya silikoni. Zitabanduka kama ngozi ya kitunguu.