Mashua Ndogo ya Tanga ya Kuvuta kwa Trela: Ipi Ununue

Wengi wanaoniuliza huku Minnesota, Marekani, huanza na futi: ndefu kiasi gani? Mimi huuliza kwanza kama utaweza kuisimamisha mlingoti na kuishusha ziwani peke yako, jioni umetoka kazini. Mashua inayokula saa tatu kuandaliwa huishia uani chini ya turubai. Hizi nimezipanga kwa kigezo hicho, zote za mkono wa pili.

Ya kwanza ni Catalina 22, ile ambayo mkuku wake, lile bapa zito la chini linaloizuia kupinduka, hupandishwa kwa winchi. Ni kazi ya mbunifu Frank Butler, na zimeshaundwa zaidi ya 15,000, kwa hiyo vipuri havisumbui. Ina urefu wa mita 6.5 hivi, ina pa kulala, na upepo ukichachamaa inatulia. Lakini mkuku ni chuma cha kilo 250 kilichoning'inia kwenye pini moja, na hapo ndipo pa kukagua. Lala chali chini ya trela na tochi, uusukume kwa mkono huku na huku. Ukisikia ngo, ngo, tundu la pini limelika. Papasa pia waya wa winchi. Nyuzi zikikuchoma vidole, dai punguzo la bei na uubadilishe kabla mashua haijagusa maji. Halafu panda juu, ukanyage sitaha kuuzunguka mlingoti. Ikibonyea, mbao za ndani zimeoza. Achana nayo, bei iwe tamu vipi.

Ya pili, West Wight Potter 19. Ina kama kilo 560 tu, na mkuku ukiwa juu inaelea kwenye maji yasiyofika magoti. Kwa mtu mmoja au wawili ningeiweka mbele ya Catalina. Watoto wakiwemo, mtabanana.

MacGregor 26 ni ya tatu. Farumi yake, yaani uzito wa chini wa kuituliza, ni maji: unayajaza ikishaelea, unayamwaga ukiitoa, ndiyo maana ni nyepesi barabarani kwa ukubwa wake. Usitweke tanga farumi ikiwa tupu, inaweza kupinduka. Na hapa Minnesota sheria inataka umwage maji yote na kuchomoa vizibo kabla ya kuingia barabarani, ili usihamishe kome vamizi kutoka ziwa hili kwenda lile. Kwenye kubisha, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo, ni nzito kugeuka, na hilo ndilo lililoishusha hadi hapa.

Com-Pac 16 ni imara, mkuku wake haupandi wala haushuki, ila ni ndogo kwa kulala zaidi ya usiku mmoja.

Trela nayo ikague. Mimi beringi ya gurudumu ilinifia njiani, nikashinda kando ya barabara kuu kutwa nzima na mashua niliyoinunua asubuhi ileile. Zungusha kila gurudumu, usikilize.

Mwisho, mwombe muuzaji asimamishe mlingoti mbele yako, mahali pasipo na nyaya za umeme juu, maana ni wa alumini. Asaidiwe na mtu yeyote ila wewe. Wewe tazama saa.