Mkebe wa hesabu wa bati: bikari safi, kipimapembe ni cha kuangalia

Mkebe huu hauna jina kubwa, na maduka ya vifaa vya shule Ngamiani, Tanga, yanauuza kwa shilingi elfu chache. Tumeupima kwa kazi moja tu: eneo la vipande vya duara.

Bikari ndiyo inayostahili hela. Ni ya chuma, ina skrubu ya kukazia miguu. Ijaribu palepale dukani. Chora duara la nusukipenyo ya sm 7, kisha bila kugusa skrubu itembeze juu ya mzingo. Hatua ya sita irudi ulipoanzia. Isiporudi, miguu inateleza, omba nyingine. Mtelezo wa mm 2 si mdogo, maana nusukipenyo inapandishwa kipeo cha pili. Sekta, yaani kipande kilicho kati ya nusukipenyo mbili na tao (sehemu ya mzingo), ikiwa ya nyuzi 60 eneo lake ni 60/360 × 22/7 × 49, yaani sm za mraba 25.67. Nusukipenyo ikiwa 7.2 utapata 27.15, umeshapotea kwa karibu asilimia 6.

Kipimapembe sasa. Nusukipenyo yake ni sm 4.5, na mstari wa sifuri uko mm 3 juu ya ukingo. Mwanafunzi akilaza ukingo juu ya mstari wake, kama wengi wafanyavyo, akatia alama kwenye 60, pembe inayotoka ni karibu 62. Kwenye sekta hilo linavumilika: 26.52, kosa la asilimia 3 hivi. Kwenye segimenti, kile kipande kilicho kati ya tao na mstari ulionyooka unaounganisha ncha zake, ni balaa. Hapo unatoa kwenye sekta pembetatu ya nusukipenyo mbili na mstari huo. Pembetatu ni nusu ya 49 × sine 60, yaani 21.22, hivyo kinabaki 4.45. Kwa nyuzi 62 kinabaki 4.89, kosa la karibu asilimia 10. Jibu ni mabaki madogo ya namba mbili kubwa, na kosa lote linaangukia humo. Kwa sababu hiyohiyo usikadirie mapema: 26 toa 21 ni 5, na hiyo 5 haifai kitu. Kikokotoo nacho kikikupa sine 60 kuwa −0.30, kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi.

Nyuzi 60 zenyewe hazihitaji kipimapembe: hatua moja ya bikari kwenye mzingo inazitoa kamili, mbili ni 120, na ukigawa 60 nusu kwa nusu kwa bikari hiyohiyo unapata 30. Kwa pembe kama 47, laza mstari wa sifuri, si ukingo, au nunua kipimapembe kingine pembeni.

Kikaratasi cha kanuni kilichomo ndani kinaishia kwenye duara zima. Sekta na segimenti hazimo kabisa. Rula ni ya kawaida. Skrubu ya bikari itashika kutu upesi kwa hewa hii ya chumvi, ipe tone la mafuta ya cherehani kabla haijagoma kuzunguka.