Kujua nyumba yako iko mtaa gani: tathmini ya huduma ya mipaka ya uchaguzi jijini Mbeya

Nyumba ya mama yangu iko kwenye mteremko, hatua kama thelathini kutoka kijito ambacho, kwa maelezo ya maandishi, ndicho kinachotenganisha mitaa miwili iliyo katika kata mbili tofauti za Jiji la Mbeya. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Oktoba 2024, wakati wa kuandikisha wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa, kazi iliyofanyika kuanzia tarehe 11 hadi 20, mama alikwenda kituo kilichokuwa karibu naye, akaambiwa kwamba yeye ni mkazi wa ng'ambo ya kijito. Alivuka, akapanga foleni, na huko nako akaelezwa kwa heshima zote kwamba nyumba yake haimo katika eneo lao. Siku ya tatu ndipo alipoandikishwa, na ni kwa sababu niliandamana naye nikiwa nimeshika picha ya tangazo la mipaka kwenye simu.

Hiyo ndiyo huduma ninayoitathmini hapa: huduma ya umma ya kuchora mpaka wa eneo la uchaguzi, kuutangaza, na kumweleza mkazi yuko upande gani. Nimeitumia kama mteja anavyotumia huduma yoyote, kwa kwenda ofisini, kuuliza, kusoma karatasi zilizobandikwa na kuufuata mpaka wenyewe kwa miguu. Ofisi zilizohusika sizitaji, kwa kuwa kasoro niliyoikuta ni ya utaratibu, na watumishi niliokutana nao walikuwa wakijitahidi kwa vifaa walivyopewa.

Kwanza niseme mpaka upi unahusika na kura ipi, maana nimegundua kwamba hata majirani zangu wasomi huchanganya. Mwenyekiti wa mtaa, au wa kijiji na kitongoji kwa ndugu zetu wa vijijini, huchaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao mara ya mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024 chini ya wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa. Diwani huchaguliwa na kata nzima, siku moja na mbunge na Rais, katika uchaguzi unaosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na safari hii siku hiyo ilikuwa 29 Oktoba 2025. Mpaka wa kata ukishapita kwenye kijito chetu, basi kijito hicho hicho kinaamua mwenyekiti ni nani, diwani ni nani, na barua ya utambulisho ya kupeleka benki au ya kumdhamini kijana kituo cha polisi itagongwa muhuri na ofisi ipi.

Sasa nije kwenye tangazo lenyewe. Lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mtaa, nyuma ya wavu wa kuku uliopigiliwa kwa misumari, kati ya tangazo la chanjo ya mbwa na orodha ya waliodaiwa michango ya ulinzi. Karatasi zilikuwa nne, zimebanwa kwa pini, na ile ya chini ilikuwa imelowa pembeni hadi wino ukasambaa. Kila mtaa ulielezwa kwa mistari minne: kaskazini unapakana na nini, kusini na nini, mashariki na nini, magharibi na nini. Mtaa wa mama ulisemwa kwamba upande wa mashariki unapakana na kijito hadi kwenye kalavati, kisha unafuata barabara ya vumbi mpaka kwenye miti ya milingoti. Maandishi yalikuwa safi na Kiswahili chake hakina dosari. Kilichokosekana ni ramani. Hakukuwa na hata mchoro wa mkono unaoonyesha kalavati lipi, kwa kuwa barabara hiyo ina makalavati mawili, na kati ya moja na jingine kuna nyumba zisizopungua kumi na mbili, ya mama ikiwa mojawapo.

Niliamua kuufuata mpaka kwa miguu. Nilimwomba mzee mmoja aliyewahi kuwa mwenyekiti wa mtaa wakati eneo lile lilipogawanywa anisindikize, naye akakubali baada ya chai. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akachukua fimbo na koti la mvua, tukashuka bondeni.

"Hapa ndipo," akasema tulipofika kwenye kalavati la juu. "Tulisimama hapa na mtu wa ardhi, na mwenzangu wa ng'ambo alikuwepo."

Nikamuuliza kuhusu milingoti. Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye nyumba mpya ya bati jekundu. "Ilikuwa pale, mwanangu. Mwenye kiwanja aliikata akajenga. Na kijito nacho kilikuwa huku, kikahama mwaka ule wa mvua nyingi."

Nilisimama nikatazama. Mkondo wa zamani bado unaonekana kama bonde dogo lililoota magugu, na sasa watu wamelima humo kabichi na vitunguu, ilhali maji yanapita mita kadhaa upande wa magharibi. Kwa hiyo alama zote tatu zilizoandikwa kwenye tangazo, yaani kijito, kalavati na miti, zilikuwa zimehama, zimekuwa mbili, au zimetoweka. Mzee aliujua mpaka wote bila kubahatisha, na kama ningeambiwa nitoe nyota kwa kipande hiki cha huduma, yaani kumbukumbu ya wazee na viongozi wa mtaa, ningetoa tano kati ya tano. Lakini yule karani kijana wa uandikishaji alitoka kata nyingine. Hakuwahi kuonana na mzee huyu, na alipewa karatasi ile ile niliyoisoma mimi ubaoni.

Ofisini nilipokewa vizuri. Mtendaji alinisikiliza, akatoa jalada, akanisomea maelezo kamili na kunieleza njia ambayo pendekezo la kugawa mtaa au kata hupitia, nami naieleza hapa kwa kuwa ni sehemu ya huduma inayostahili sifa. Jambo huanzia kwenye mkutano wa wakazi, likaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, likafika Baraza la Madiwani, likapita kwenye vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, ndipo likapelekwa wizarani, na likikubaliwa hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Ni safari ndefu, na wengine huilalamikia urefu wake, lakini mimi naona urefu huo ni kinga, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuamka asubuhi akahamisha mtaa kwa faida ya mgombea wake. Kwa hatua hizi natoa nyota nne. Nyota moja nimeizuia kwa sababu kila kituo cha safari hiyo huandika maneno, na mkazi hapewi mchoro wa kile kinachoombwa hata kabla hajanyoosha mkono kukubali au kukataa.

Kuna suala la ukubwa, na hapa ndipo ninapotamani wasomaji wa Mbeya na Iringa wapige hesabu pamoja nami. Jiji la Mbeya lina kata 36 na mitaa 181, na Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ilihesabu watu 541,603. Manispaa ya Iringa ina kata 18 na mitaa 192, kwa watu 202,490 wa sensa hiyo hiyo. Ukigawanya, mtaa mmoja wa Mbeya unabeba kwa wastani karibu watu 3,000, ilhali wa Iringa unabeba kama 1,050. Kwa kata, Mbeya ni takribani watu 15,000 na Iringa takribani 11,250. Mwenyekiti wa mtaa jijini Mbeya, basi, ana watu karibu mara tatu ya mwenzake wa Iringa wanaomgongea mlango kwa ajili ya barua, ugomvi wa mipaka ya viwanja na taka zisizozolewa. Wastani nao huficha mengi: kata za katikati ya mji wa zamani kama Maendeleo na Sisimba unaweza kuzivuka kwa miguu kwa muda mfupi, wakati huku pembezoni, kuelekea Uyole, nyumba zinaota kila msimu wa kiangazi. Kila kata, ndogo au kubwa, humchagua diwani mmoja, na diwani huyo ana kura moja barazani wakati bajeti ya barabara na zahanati inapopitishwa. Sidai kwamba idadi ya watu iwe kigezo pekee, kwa kuwa milima, mito na ukaribu wa jamii vina uzito wake, hasa katika nchi ya mabonde kama yetu. Nasema tu kwamba tofauti hii ni kubwa mno kuachwa bila kuelezwa kwa wakazi.

Majimbo ya ubunge yana utaratibu ulio wazi zaidi kwa upande huu. Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume ichunguze mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka kumi, na sisi wa Mbeya tuliona matunda yake tarehe 12 Mei 2025, Tume ilipotangaza majimbo mapya manane nchini, likiwemo la Uyole lililotokana na kugawanywa kwa Mbeya Mjini. Siku zile kila kijiwe cha bajaji kilikuwa na mjadala wa kata ipi imeangukia wapi. Ningependa sana mtaa na kata navyo vitangaziwe kalenda kama hiyo, ili mkazi ajue mpaka wake utatazamwa upya lini na maoni yake ayapeleke wapi.

Majirani zetu wa Kenya wameliandika jambo hili kwa takwimu ndani ya Katiba yao ya 2010. Idadi ya watu wa jimbo au wadi inaruhusiwa kupishana na wastani kwa asilimia 40 katika majiji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Napenda uwazi huo. Hata hivyo majimbo yao, yanayopaswa kupitiwa katika kipindi cha miaka 8 hadi 12, yalipitiwa mara ya mwisho 2012, na ukomo wa Machi 2024 ukapita kazi ikiwa haijafanyika, kwa hiyo takwimu nzuri kwenye katiba bado zinahitaji watu wa kuzitekeleza kwa wakati.

Kinachonifanya niikosoe huduma yetu kwa uchungu ni kwamba vifaa vya kuirekebisha tayari tunavyo. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na kila eneo la kuhesabia lilikuwa na ramani yake. Mwaka huo huo ilifanyika operesheni ya anwani za makazi, na getini kwa mama kuna kibao chenye namba ya nyumba na jina la barabara. Kila kata ina postikodi yake, na zetu za Mbeya huanza na 53. Nyumba iliyokwisha kupewa namba, jina la barabara na postikodi haipaswi kumfanya bibi wa miaka sabini avuke kijito mara mbili kwa siku tatu akiuliza yeye ni wa wapi. Orodha ya namba za nyumba za kila mtaa, ikibandikwa pembeni ya ile mistari minne, ingemaliza utata wote wa makalavati mawili. Kwa kipande hiki, yaani namna mpaka unavyomfikia mkazi, natoa nyota mbili, nazo ni kwa ajili ya usafi wa lugha na kwa sababu tangazo lilibandikwa mapema kabla ya uandikishaji kuanza.

Kwa wanaokusudia kuitumia huduma hii katika miaka ijayo, nawashauri wapige picha tangazo la mipaka siku ya kwanza linapobandikwa, kabla mvua haijalifikia, na waende na mtu aliyekuwepo mpaka ulipowekwa. Mkiona alama iliyoandikwa haipo tena, andikeni barua kwa mtendaji wa kata, si kwa mwenyekiti peke yake, kwa kuwa mpaka wa kata unagusa mitaa ya pande zote mbili.

Mimi niliandika barua hiyo Januari 2025, nikaambatanisha mchoro niliouchora kwa maelekezo ya mzee, wenye mkondo wa zamani wa kijito kwa mstari wa nukta na namba za nyumba zote zilizo kati ya makalavati mawili. Mtendaji aliipokea, akagonga muhuri kwenye nakala yangu, akaniomba mchoro wa pili kwa ajili ya ofisi ya ng'ambo. Nilimpelekea kesho yake.