TAHADHARI: Hitipaipu za kupaka rangi

Wadau, kuna jamaa anauza feni za kupozea prosesa ya kompyuta kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar. Kabla hujamtumia hela, soma hapa. Mimi nimeshapigwa elfu themanini na tano, na ya kutolea juu.

Picha zake tamu: mapezi ya alumini, hitipaipu (bomba za kuhamisha joto toka kwenye prosesa) 6 za shaba zinang'aa kama bangili za bibi harusi. Mzigo ukaja kwa bodaboda hadi Mbagala. Nikafunga, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto, nikaanza kurenda (kutoa video iliyokamilika) harusi ya mteja. Dakika nne, prosesa 97°C, mashine inatambaa. Nikampigia. "Kaka, umeifunga vibaya." Nikafungua, nikafunga upya. Yale yale.

Fundi wangu hakubishana na mtu. Alimimina maji ya chai kwenye bakuli, akachovya kitako cha feni yangu, pale panapogusa prosesa, akaniambia nishike ncha za juu za hitipaipu. Dakika nzima, vuguvugu kwa mbali. Akaleta feni kuukuu ya kwenye mashine mbovu, akachovya: sikufika hata kuhesabu kumi, nikaachia.

Maana hitipaipu ya kweli si nondo. Ni bomba la shaba lililozibwa kotekote, limenyonywa hewa, ndani mna maji kidogo tu na utando wa unga wa shaba ukutani. Kwa kuwa hewa hakuna, maji yanachemka hata kabla ya 100°C. Mvuke unakimbilia upande wa baridi, unatua joto lake huko, unageuka maji, na utando unayavuta kurudi kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa.

Yangu tuliikata kwa msumeno wa chuma. Alumini tupu, mwanzo mwisho, juu imepakwa rangi ya shaba. Mbili hazikufika hata kwenye kitako, zimegandishwa na gundi pembeni!

Sumaku haitakusaidia, alumini na shaba zote haishiki. Rangi ya fedha nayo isikutishe, nyingi za kweli zimepakwa nikeli. Mwambie muuzaji alete maji ya moto mbele yako, akikataa ondoka. Ila msijaribu kwa moto wa gesi, bomba zima lenye maji ndani linaweza kupasuka.

Mimi ameshaniblok. Jana rafiki yangu kanionyesha tangazo lake: picha ile ile, kapeti jekundu lile lile, ila sasa kaandika hitipaipu 8.