Kichina au Kifaransa kwa Kijana wa Tanga

Kijana wa Tanga anayetaka kuongeza lugha ya tatu, baada ya Kiswahili na Kiingereza, ana sababu ya kuzipima lugha hizi mbili kwa makini, kwa kuwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina TotalEnergies ya Ufaransa kama mwanahisa mkubwa na CNOOC ya China kama mwanahisa mdogo, ilhali upanuzi wa bandari ya Tanga ulikabidhiwa kampuni ya Kichina.

Kwa wepesi wa kuanza, Kifaransa kinashinda, maana kinaandikwa kwa herufi tuzijuazo. Kichina sanifu kina toni nne, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, na kusoma gazeti bila kukwama kunadai kujua alama zipatazo elfu mbili hadi tatu. Hata hivyo, vitenzi vyake havibadiliki kwa nafsi wala wakati, nafuu ambayo wengi hawaitarajii, hasa wakishaonja vitenzi vya Kifaransa.

Kwa anayelenga biashara, ningependekeza Kichina bila kusita. Mwagizaji wa bidhaa kutoka Guangzhou au Yiwu anayeweza kujadili bei na kusoma masharti ya mkataba mwenyewe hamtegemei mkalimani, ambaye pengine analipwa na muuzaji. Mafunzo hayako mbali mno: Taasisi ya Confucius ipo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013. Kifaransa kinamfaa zaidi anayetazama Kongo, Burundi au Komoro.