Kadi za RFID: ipi ya kununua kwa mlango wako Mombasa

Kadi ya RFID hufungua mlango kwa mawimbi ya redio, bila kuguswa. Kabla hujauliza bei, jua mashine iliyo ukutani inasoma mawimbi ya masafa gani. Kadi nyeupe zote zina sura moja, milimita 85.6 kwa 54, lakini ya kilohezi 125 haitasomwa na mashine ya megahezi 13.56. Iweke kadi ya zamani nyuma ya simu yenye NFC: ikiitikia, ni ya megahezi 13.56. Isipoitikia, imulike kwa tochi. Waya mwembamba uliozungushwa duara, mara nyingi na kwa kubanana, ni dalili ya kilohezi 125.

Kwa ghorofa la wapangaji Kizingo au hoteli ya Nyali, chaguo letu la kwanza ni MIFARE DESFire EV2 au EV3, kadi za megahezi 13.56. Hutumia ufunguo wa siri wa biti 128 wa AES, njia imara ya usimbaji, na kuinakili si kazi ya kibandani. Ila hapa ndipo pesa hupotea: mashine nyingi za bei nafuu husoma namba ya kadi tu, ile UID, bila kuuliza ufunguo, na namba hiyo haina siri. Mtake muuzaji akuonyeshe kwamba mashine yake inahakiki ufunguo. Kama haihakiki, umenunua jina tu.

Ya pili ni MIFARE Classic 1K, nayo ya megahezi 13.56. Usimbaji wake, Crypto1, ulivunjwa mwaka 2008. Yafaa kwa jimu au mahudhurio ya wafanyakazi, si kwa stoo wala chumba cha fedha.

Ya mwisho ni EM4100 ya kilohezi 125. Bei yake ni nzuri, lakini humtajia namba yake kila anayeuliza, na kifaa cha mkononi huihamishia namba hiyo kwenye kadi ya T5577, inayoandikika upya, kwa sekunde chache.

Kadi ya UHF, ya masafa ya juu zaidi ya hizo zote, iache kwa geti la magari. Husomwa kutoka mita kadhaa, jambo usilolitaka mlangoni.

Chumvi ya bahari hula nyaya, basi mashine ya nje iwe na kiwango cha IP65 au zaidi cha kuzuia vumbi na maji, na maungio yazibwe vizuri. Ukiifunga moja kwa moja juu ya geti la chuma, umbali wa kusoma kadi hupungua sana. Weka kipande cha plastiki katikati. Kadi nyembamba ikiachwa juu ya dashibodi juani hujikunja. Usiitoboe mwenyewe kutia kamba, utakata antena. Nunua ile nene yenye tundu lake. Anza na kadi 2, zijaribu kila mlango, ndipo uagize zilizobaki.